Wifi Yangu Alikuwa Akivimba, Nikasema Anakula Unga Wetu

Nimekosa! Nalitanguliza neno hili, maana nikianza na maelezo nitajikuta najitetea, na kujitetea nimejitetea vya kutosha tangu siku za vita. Mimi ndiye niliyemwita wifi yangu mwizi mbele za watu, akiwa katika uchungu wa kuzaa, na nusura nimuue kwa mikono hii hii.

Sijui kuandika. Mimi nasema, na mwalimu mmoja ananiandikia. Nimemwomba asilitie jina langu, Mama Saidi linatosha, ila la wifi yangu alitie wazi. Wifi yangu ni Esha. Kwa nini nimetaka atajwe, mtaona mbele.

Ninyi mliokuwa wadogo wakati wa vita vya maji hamjui tulivyobanwa. Kwetu ni karibu na Masasi. Walipita waliokunywa dawa ya maji, wakatuambia tuingie vitani au tutakiona. Nyuma yao wakaja askari wa Mdachi, wakachoma nyumba na vihenge vya mtama, wakisema sisi ndio tuliowalisha wale wanywa dawa. Tukakimbia kupanda juu, uwanda wa Makonde, upande wa Newala, tukajificha katika vichaka vile ambavyo mtu akishaingia haonekani tena.

Tulikuwa wachache mle ndani. Mimi, mjane, na wanangu. Mama Anafi, jirani yetu wa Kimakua, mwenye watoto wengi na mdomo usio na pazia. Na Esha, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe askari walimkamata njiani, wakambebesha mizigo, wakaenda naye hatujui wapi.

Esha alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mwanamke huzaa kwa mama yake, si kwa mawifi. Lakini mama yake alikuwa bondeni, karibu na Ruvuma, na njia ya kuteremkia huko ndiyo njia ya maji, na njia ya maji askari waliikalia. Kule juu hakuna kisima wala kijito, mchanga unakunywa mvua yote. Maji tulichota alfajiri kwa kunyatia, kwa zamu, kila mmoja akiaga kana kwamba harudi.

Basi ndivyo tulivyokuwa. Mbele askari, nyuma majivu, katikati miiba. Esha alinaswa na sisi, na mimi wakati ule niliona ni sisi tulionaswa naye.

Chakula chetu kilikuwa gunia moja la unga wa mhogo, nililolibeba kichwani tangu nyumbani. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye mshika gunia. Nililifunga kwa ugwe, kwa fundo alilonifundisha marehemu mama, ambalo mle kichakani hakuna mwingine aliyelijua. Kila jioni nilifungua, nikagawa kiganja kiganja, nikafunga tena. Kingine tulichokula ni ming'oko, mizizi ya kuchimba porini.

Mbavu za wanangu zikaanza kuonekana. Mimi nguo zikanipwaya. Na Esha? Esha ananenepa! Uso umejaa, mashavu yanang'aa, vidole vimekuwa vinene hata bangili yake ya shaba haivuki kiganja. Miguu nayo imejaa mpaka vifundo havionekani.

Nikamtazama leo, nikamtazama kesho. Nikasema moyoni, mtu hanenepi kwa hewa. Huyu anakula wapi?

Jamani, njaa mbaya! Watu husema njaa hukondesha mwili. Mimi nawaambia inaanza kukondesha huruma, mwili unafuata baadaye.

"Wifi," nikamwambia, "mbona wenzio tunakauka, wewe wanawiri?"

"Sijui, wifi. Mwili mzito tu. Na kichwa kinanipasuka."

"Hicho ni kichwa cha shibe."

Akacheka. Alidhani natania, maana mawifi hutaniana. Sikuwa natania hata kidogo.

Kichwa kikamzidi. Akawa anasema anaona vimulimuli mchana kweupe, na chini ya chembe cha moyo panamuuma kama mtu anamsukuma kwa kiwiko. Mimi niliyasikia maneno hayo kama ya mtu anayetafuta kusamehewa kazi. Nikampeleka zamu ya maji na tumbo lile! Alirudi akipepesuka, nusu ya mtungi imemwagika, na nilimgombeza kwa ile nusu.

Mama Anafi hakuweza kuvumilia. Alinijia waziwazi, akanivuta mkono hadi alipolala Esha.

"Mama Saidi, huyu mtoto hanenepi. Tazama." Akambonyeza Esha kwenye muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki palepale, kama kwenye udongo wa kufinyangia chungu. "Umeona? Mnene ukimbonyeza nyama inarudi. Hii haikurudi. Ni maji haya, na hicho kichwa kinachomuuma ni ndugu yake. Dada yangu alianza hivi hivi, akaanguka degedege, hakuamka. Mlaze, asibebe kitu. Tutafute njia tumteremshe kwa mama yake. Mama yake bonde zima linamjua kwa kuzalisha."

"Mama Anafi," nikamjibu, "unga ni wangu, na wifi ni wangu. Au tunagawana?"

Alinitazama. Akageuka akarudi kwa wanawe, na mimi nikajiona nimeshinda. Nilikuwa nimemfukuza mtu wa pekee aliyekuwa anaona.

Uchungu ulimwanza Esha asubuhi moja, mwezi wake haujatimia. Moto hatukuthubutu kuwasha mchana kwa ajili ya moshi. Kulia nako hakukuwezekana, kwani askari walikuwa wakipita njia ya chini. Tulimpa kitambaa aume. Nilikaa nyuma yake nikimshika mabega, na kila uchungu ulipomjia nilisikia meno yake yakisaga kitambaa kile.

Jua likapanda, mtoto hatoki. Likafika utosini, mtoto hatoki.

Sasa mnajua mambo yetu. Mwanamke akikwama katika kuzaa, wanawake huambiana kuna neno amelificha, alitoe, na mtoto apate njia. Wengine huulizwa habari za wanaume. Mimi nilimwuliza habari za gunia.

Nikawaita wanawake wa kichaka cha jirani waje wasikie. Ndiyo, niliwaita mimi. Wakaja wakachuchumaa.

"Esha, tema. Sema ulichokula."

"Sijala kitu, wifi."

"Mtoto hatoki. Unamwua mtoto wa ndugu yangu kwa ubishi. Sema!"

"Wallahi sijala."

"Basi kaa naye humo."

Alihema kitambo. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba hata hayafunguki vizuri. Akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Nikisema, atatoka?"

"Atatoka."

"Basi nimekula. Nimekula unga."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, wifi. Kila siku. Mtoe mtoto."

"Mmesikia!" nikawaambia wale wanawake, na wakaitikia kwamba wamesikia.

Hazikupita pumzi nyingi, Esha akaanguka. Macho yakageuka yakabaki meupe, taya likabana, mwili mzima ukakakamaa na kutikisika, povu likamtoka mdomoni. Wale wanawake wakaruka nyuma wakisema ni unga unamwadhibu. Mimi nilishika mwiko nikitaka kumpanua meno, ndipo mkono ukaniparamia ukanipokonya. Mama Anafi!

"Usimtie kitu mdomoni!" Akamgeuza ubavu, upande wa kushoto, akamfuta povu, akaondoa vijiti vilivyokuwa karibu na kichwa. Wala hakumbana. Akangoja huku akisoma dua anayoijua, mpaka mtikisiko ukaisha na Esha akaanza kukoroma kama aliyelewa. Na katika hali hiyo hiyo, kabla hajajitambua vizuri, mtoto akashuka. Wa kike, mdogo, sauti kama ya paka.

Mnadhani nilitubu? Nilisema, "Mnaona? Ameungama, mtoto ametoka." Astaghfirullahi!

Kondo la nyuma likatoka bila taabu. Mama Anafi akamchukua mtoto akampashe joto kifuani pake, kwa kuwa alikuwa baridi na moto hatuna. "Mwangalie mama," akaniambia. Nikabaki na Esha.

Hapa ndipo mkono wangu ulipofanya kazi yake mbaya.

Damu ya uzazi kwetu haiachwi wazi ikatazamwa. Hufukiwa upesi, mtu mbaya asiipate. Tulikuwa tumemtandikia mchanga, kwa kuwa nguo za kuchafua hatukuwa nazo wala maji ya kuzifulia. Ikitoka, nateka mchanga mkavu nafunika. Inatoka tena, nafunika tena. Mchanga wa kule juu mnaujua, haukatai kitu chochote cha majimaji. Kila nilipotazama niliona pakavu, safi, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wifi, nasikia baridi," akasema Esha. Na jua lilikuwa linaunguza!

"Tulia. Ni damu chafu inatoka. Iache itoke yote, ni ile ya makosa yako."

"Nina kiu."

"Maji ni kidogo."

Akapiga mwayo. Midomo yake ikawa rangi ya unga ule ule niliomsingizia. Akapiga mwayo mwingine, maneno yakaanza kumpotea, akawa ananiita mama. Nami nikateka mchanga nikafunika.

Mama Anafi akarudi na mtoto. Akamtazama Esha usoni, akasimama.

"Ametokwa na damu kiasi gani?"

"Kidogo."

Hakunijibu. Alipiga magoti akafukua kwa mkono pale nilipofukia. Mchanga wa juu mkavu. Mkono ukazama, ukazama, alipoutoa ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Akauweka mbele ya uso wangu.

"Kidogo, Mama Saidi?"

Yeye hakupoteza wakati kunitukana. Alimgusa Esha chini ya kitovu. "Limelegea. Tumbo la uzazi likiwa laini hivi, damu haina wa kuizuia. Lete mkono wako. Hapa. Sugua!"

Nikasugua. Tumbo lilikuwa kama unga uliokandwa ukaachwa. Akamweka mtoto kwenye titi, anyonye hata kama hakuna kitu, kwani mtoto akivuta titi na tumbo hujivuta. Akamwinua Esha kidogo ajisaidie haja ndogo, akisema kibofu kikijaa kinalizuia tumbo lisijikaze. Akamlaza tena, akampandisha miguu juu ya mzigo wa majani, akamfunika kwa kila kitambaa tulichokuwa nacho, wake na wangu. Akampa maji, kidogo kidogo, alipohakikisha anameza. Maji ya zamu ya wanawe.

"Sugua mpaka liwe gumu kama kichwa cha mtoto. Likilegea, anza upya. Ukichoka sema, nikupokee. Usiache."

Nilisugua huku nalia. Likakaza chini ya kiganja changu, nikashusha pumzi. Likalegea, nikaanza upya. Safari hii Mama Anafi alitandika kitambaa chini, akakataza mchanga. "Nataka kuiona," akasema. Pole pole kitambaa kikaacha kulowa. Esha hakufa. Si kwa sababu yangu hakufa.

Jioni nilikwenda kwenye gunia nimkorogee uji. Nikalishika lile fundo ili nilifungue.

Fundo lilikuwa vile vile nilivyolifunga. Na jana lilikuwa vile vile, na juzi. Unga ulikuwa pale pale nilipouacha, umepungua viganja nilivyogawa mimi na si zaidi. Jamani, hili ndilo ungamo langu, mengine yote ni njia ya kulifikia! Nililifungua fundo lile kila siku kwa mikono yangu. Nilijua hakuna mtu aliyeligusa. Nilijua, na bado niliuamini uso uliovimba kuliko macho yangu mwenyewe.

Ningeweza kusema jioni ile. Wanawake walikuwepo, Mama Anafi alikuwepo. Lakini nikisema Esha hakuiba, mimi ni nani? Mimi ndiye niliyemwungamisha mzazi uongo. Nikanyamaza. Nikakoroga uji, nikampa, akasema ahsante.

Maziwa hayakumtoka. Hata tone. Mama Anafi alikuwa ameshamwachisha wake wa mwisho, kifua kimekauka kwa njaa. Tulimlambisha mtoto uji mwepesi kwa ncha ya kidole. Alikaa nasi kidogo, kisha akatuacha. Tulimzika kimya kimya, bila kulia, kwa ajili ya askari wale wale.

Wanawake wakasema titi la mwizi halitoi maziwa. Nilikuwepo waliposema. Nikatazama chini.

Vita vilipotulia mdogo wangu alirudi, mabega yana makovu ya mizigo. Habari ilikuwa imemtangulia. Alinijia peke yake.

"Dada, ni kweli?"

"Alisema mwenyewe," nikamjibu.

Oneni ulimi! Hapo sikusema uongo hata neno moja. Akampa Esha talaka. Esha akateremka kwa mama yake, mkononi hana kitu. Tangu kuzaa kule hajaziona siku zake tena, wala hajashika mimba nyingine, na mpaka leo husikia baridi juani. Mdogo wangu akaoa kwingine, akahamia mbali. Mimi nikabaki na wanangu na gunia tupu.

Ningekufa na siri hii kama si wimbo. Wasichana wanapotwanga huimba, *Kula pole pole we Esha, gunia lina macho.* Hawamjui hata huyo Esha ni nani. Siku moja aliyekuwa akiimba kinuni ni binti yangu. Nikamnasa kofi, mchi ukamtoka.

"Mama, nimekosa nini?"

Kesho yake niliteremka bondeni kwa ile njia ya maji, ambayo sasa iko wazi na watoto wanaipita wakicheza.

Nilimkuta Esha uani akipukuchua kunde. Aliponiona akasimama, akasema, "Shikamoo, wifi." Shikamoo! Mimi! Nikakaa chini nikalia, nikamweleza habari ya fundo.

Aliendelea kupukuchua. "Nilijua kwamba unajua," akasema. "Nilikuwa nikikuona unafungua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Unga nimekusamehe zamani. Na mtoto ni wa Mungu." Akapeta kunde, akapuliza maganda. "Lakini mimi ulinisemesha mbele ya watu. Wewe unakuja kuniungamia uani?"

Ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Enyi mawifi, enyi wakwe, nisikilizeni mimi niliyeharibikiwa! Mjamzito akivimba uso na mikono, msimwonee gere. Kichwa kikimpasua, akiona vimulimuli, chembe cha moyo kikimbana, hiyo si shibe wala uvivu. Mlazeni ubavu wa kushoto, mpelekeni kwa wanaojua kabla degedege halijafika, hata kama njia ina askari. Mimi niliiogopa njia, nikakaa na mauti kichakani.

Na akishazaa, damu yake msiifiche hata nyinyi wenyewe msiione. Tandikeni nguo. Wekeni mkono tumboni mjue ni gumu au laini. Mtoto titini mara moja. Na pigeni kelele ya kuita watu, pigeni hata kama kelele imekatazwa!

Na mwanamke aliye katika uchungu msimwulize makosa yake. Atawajibu lolote mtakalo, mradi mtoto atoke.

Watu wa Masasi, watu wa Newala, ninyi mnaotwanga, Esha hakuiba. Hakula hata kiganja kisicho chake. Wimbo ule utoeni jina lake, na mkiona kinu hakiendi bila wimbo, niimbeni mimi.